Juu ya nini kampuni inatoa ndege ambayo bado nzima?



Muulize mtu wa Goma ao Bukavu mwenye moto tano za kazi: ya sita utanunua ya aina gani? Kama zile tano ni TVS, atakujibu bila kufikiri sana: TVS. Hata jirani akimuuzia Boxer kwa bei ya chini, atasita. Anajua kwamba piesi za TVS ziko tayari ndani ya kartoni nyumbani kwake, fundi wake amezizoea, na motari akigonjwa, mwenzake anapanda ileile bila kujifunza kitu. Boxer moja katikati ya TVS tano italeta piesi zake, magonjwa yake na fundi wake. Mwisho wa mwezi ile bei ya chini inakuwa bei ya juu.

Hesabu hiyo ndiyo inasukuma makampuni makubwa ya ndege kufanya jambo ambalo linashangaza watu wengi: kutoa kazini ndege ambayo bado inaruka vizuri, na kuweka nyingine ya aina tofauti, kituo kwa kituo, mpaka ile ya kwanza iishe kabisa. Ukisikia habari kama hiyo unaweza kusema, "Hao wana pesa za kuchezea." Lakini ukifungua hesabu, unakuta mambo ambayo yanatugusa hata sisi tuliomaliza universite na hatujawahi kuingia ndani ya chumba cha rubani. Tuchukue mfano mmoja wa kweli: Alaska Airlines ya Marekani.

Historia kwa ufupi

Pamoja na jina lake, Alaska Airlines ina makao yake makuu karibu na kiwanja cha ndege cha Seattle, katika jimbo la Washington, upande wa bahari ya Pasifiki. Mji wa Renton, ambako Boeing inaunganisha ndege za 737, uko kilometa chache tu kutoka hapo. Ni majirani.

Zamani kampuni hii ilikuwa na mchanganyiko: Boeing 737 na pia ndege za MD-80. Hizo MD-80 zilikuwa zinakunywa mafuta sana. Mwaka 2006 viongozi waliamua kuziondoa haraka, na kufika 2008 zilikuwa zimekwisha. Kampuni ikabaki na 737 tu, ikajivunia sana, mpaka ikaandika kwenye pua za ndege zake kwamba zote ni Boeing.

Kisha ikaja biashara kubwa. Mwaka 2016 Alaska ilinunua kampuni nyingine, Virgin America, kwa dola bilioni 2.6. Virgin America ilikuwa California, karibu na San Francisco, na ilikuwa na ndege zaidi ya 60, zote za Airbus, familia ya A320. Kwa siku moja, kampuni iliyojivunia aina moja ikajikuta tena na aina mbili. Tukiongeza na kampuni ndogo ya nyumba hiyo, Horizon Air, iliyokuwa na ndege za mapanga aina ya Q400 na jeti ndogo aina ya Embraer E175, hesabu ikafika aina nne.

Wakatafuta njia ya kurudi. Mwezi wa Desemba 2020 waliongeza oda yao ya Boeing 737-9 mpaka ndege 68. Mwezi wa Januari 2023 Q400 ya mwisho ikaacha kazi, na A320 ya mwisho pia. Tarehe 30 Septemba 2023 ikatoka A321neo ya mwisho. Angalia vizuri hapo: A321neo ni ndege mpya, ya kisasa, yenye moteri zisizokula mafuta mengi. Hazikuwa na kosa lolote. Zilikuwa 10 tu, na American Airlines ikazichukua. Kosa lao lilikuwa moja: hazikufanana na wenzake.

Hesabu iko wapi?

Tuanze na marubani, maana hapo ndipo pesa nyingi inalala. Rubani wa ndege kubwa hana tu kibali cha kuruka. Anapaswa kuwa na kibali cha ile aina ya ndege yenyewe. Mwenye kibali cha 737 anaweza kuendesha 737-700, 737-800 na 737-9, kwa sababu zinahesabiwa kama familia moja, kwa kuongeza mafunzo madogo ya tofauti. Mwenye kibali cha A320 anaweza kuendesha A319, A320 na A321. Lakini kutoka familia moja kwenda nyingine ni kurudi shuleni.

Na kweli ni dunia mbili. 737 iliruka mara ya kwanza mwaka 1967, na mpaka leo rubani wake anashika usukani mkubwa mbele ya kifua. A320 iliruka mara ya kwanza mwaka 1987, na rubani wake anashika kijiti kidogo kando ya kiti. Kompyuta inapokea amri ya mkono wake, inaipima, ndipo inasogeza mabawa. Mtu aliyefanya miaka kumi katika moja anakuwa mwanafunzi katika nyingine. Anakaa wiki kadhaa: masomo ya darasani, kisha simuleta, ile mashine kubwa inayoigiza ndege na matatizo yake yote, kisha safari za kweli pamoja na mwalimu. Wakati huo wote analipwa mshahara bila kubeba abiria hata mmoja.

Jambo la pili ni akiba. Katika kila kituo, yaani kile kiwanja ambako ndege na wafanyakazi wake wanalala, lazima kuwe na marubani wanaosubiri nyumbani, simu mkononi, ikiwa mwenzao akigonjwa ao akichelewa. Tuseme kituo kina ndege 20 za aina moja, na akiba ya marubani 10 inatosha. Sasa zigawanye: 10 za aina hii, 10 za aina ile. Unafikiri akiba itakuwa 5 na 5? Hapana. Kikundi kidogo kinayumba zaidi. Siku watu 6 wa upande mmoja wakigonjwa, wale 5 wa upande wa pili hawawezi kusaidia, hata kama wamekaa bure. Itabidi uweke 7 na 7 ao 8 na 8. Hizo namba ni za mfano tu, lakini ndivyo inavyokuwa: aina mbili zinakula watu wengi kuliko aina moja, kwa kazi ileile.

Tatu, vipuri, zile piesi zetu. Ndege inayolala Seattle ikiharibika asubuhi, piesi inapaswa kuwa karibu, la sivyo abiria watakaa chini. Aina mbili zinaomba stoo mbili, vyombo vya fundi aina mbili, vitabu vya matengenezo aina mbili. Kibali cha fundi kule Marekani hakifungwi na aina moja kama cha rubani, lakini fundi naye lazima afundishwe kila aina mbele ya kuigusa.

Nne, kubadilishana. Saa mbili asubuhi 737 inakataa kuwaka, na pembeni kuna A320 isiyo na kazi. Ungesema "basi tumia ile." Lakini rubani aliye pale ni wa 737. Ndege nzima iko pale, rubani mzima yuko pale, abiria wako pale, na hakuna kinachotoka. Watu wa mipango ya safari hilo ndilo linawakosesha usingizi.

Mwisho kuna viti. A320 za Alaska zilikuwa na viti 150. 737-9 ina viti 178. Marubani ni wawili kwa kila moja. Ukibeba watu 28 zaidi kwa mishahara ileile ya marubani, kila safari, kila siku, utaelewa haraka kwa nini mkubwa wa pesa alitia sahihi.

Kubadilisha kituo kwa kituo

Kuamua ni rahisi. Kutenda ndiko kazi. Huwezi kuzima ndege zote za zamani Jumatatu na kuwasha mpya Jumanne. Ndege mpya zinatoka kiwandani moja moja, na zile za zamani nyingi zilikuwa za kukodi, kila moja na tarehe yake ya kurudishwa. Katikati ya hapo kampuni inaishi na aina zote mbili, na gharama inapanda mbele ya kushuka.

Kule Seattle, Portland na Anchorage, marubani walikuwa wa Boeing tangu zamani. Marubani wa Airbus walikuwa hasa California. Kwa hiyo mzigo wa mabadiliko haukugawanyika sawa: ni California ndiko watu walipaswa kubadilisha mikono yao. Na hapo kuna hesabu ngumu. Ukimtoa rubani wa Airbus kwenda simuleta mapema sana, Airbus zilizobaki zinakosa mtu wa kuziendesha. Ukimtoa kwa kuchelewa, 737 mpya inafika na hakuna wa kuipokea. Simuleta nayo ina saa zake, walimu wana idadi yao. Ni kama kuvuka mto kwa mtumbwi mmoja huku nusu ya jamaa iko ng'ambo hii na nusu ng'ambo ile, na pande zote mbili wanataka kula jioni.

Kwa nini nataja hayo yote? Kwa sababu ukisoma tangazo la kampuni, unaona picha ya ndege mpya inayong'aa. Huoni wiki za shule, saa za simuleta, mtu wa miaka 50 anayefanya tena mtihani kama finalisti. Gharama kubwa ya kubadilisha mashine iko kwa watu. Swali la kuuliza kila mara ni hili: nani analipa?

Kwa marubani wa Alaska, jibu ni wazi: kampuni ililipa. Yenyewe ndiyo iliamua kubadilisha, yenyewe ikalipa shule na mshahara wa wakati wa shule. Cheo cha rubani hakikufa kwa sababu ndege yake imekufa.

Lakini kuna wengine. Tuangalie Q400. Wamoja wetu wanaijua: Congo Airways ilianza mwaka 2015 na Airbus A320, kisha ikaongeza Q400, ile ndege ya mabawa juu na mapanga mawili makubwa. Horizon Air iliitumikisha kwa zaidi ya miaka 20, kuunganisha Seattle na miji midogo kama Yakima na Walla Walla. Ina viti 76. E175 iliyochukua nafasi yake ina viti 76 vilevile. Tofauti ni kwamba E175 ni jeti: inaenda kasi zaidi, inafika mbali zaidi, abiria wengi wanaipenda zaidi. Lakini kwa safari fupi ya chini ya saa moja, ndege ya mapanga inakunywa mafuta kidogo kuliko jeti. Kwa hiyo kwa kampuni nzima aina moja ilikuwa faida. Kwa kamji kadogo karibu na Seattle, ilipotea ndege iliyotengenezwa hasa kwa safari kama yake. Faida ya jumla na faida ya kila mmoja hazitembei pamoja kila siku.

Siku mayai yote yalipotikisika

Sasa sikilizeni kilichotokea baadaye. Airbus ya mwisho ilitoka mwisho wa Septemba 2023. Tarehe 5 Januari 2024, miezi mitatu tu nyuma yake, 737-9 ya Alaska iliruka kutoka Portland kwenda Ontario, California, na abiria 171 na wafanyakazi 6. Ilipofika karibu futi 15,000, kipande cha ubavu wake kilichoziba nafasi ya mlango usiotumika kilitoka na kuanguka chini. Upepo ukavuta kila kitu. Kwa neema hakuna aliyekufa. Marubani waliirudisha Portland salama. Ndege yenyewe ilikuwa mpya, haikuwa na miezi mitatu kazini. Wachunguzi wa Marekani wakakuta kwamba bolti nne zilizopaswa kushika kile kipande hazikuwepo: kilifunguliwa kule Renton kwa matengenezo na kurudishwa bila bolti.

Serikali ikasimamisha 737-9 zote 171 zenye kizibo cha namna hiyo. Alaska peke yake ilikuwa nazo 65, zaidi ya robo ya ndege zake kubwa. Kwa wiki tatu hivi zilikaa chini, mpaka ya kwanza iliporuka tena tarehe 26 Januari. Safari nyingi sana zilifutwa. Kampuni ilihesabu hasara ya dola milioni 150 hivi, na Boeing ikailipa fidia ya karibu dola milioni 160.

Wengine watasema: "Mnaona? Wangebaki na Airbus zao." Tusiende haraka. Aina nyingine za 737 ziliendelea kuruka, na E175 pia. Na mtu mwenye aina mbili analipa gharama ya aina mbili kila siku, hata siku ambazo hakuna kinachoharibika. Lakini somo liko pale: kufanana kunapunguza gharama ya kila siku na kunaongeza uzito wa siku mbaya. Mwenye TVS sita anafurahi mwaka mzima; siku piesi ya TVS ikikosekana sokoni, zote sita zinalala.

Na maisha hayakosi kicheko. Mwezi wa Desemba 2023, miezi miwili tu baada ya kuaga Airbus ya mwisho, Alaska ilitangaza kwamba inanunua Hawaiian Airlines kwa dola bilioni 1.9. Biashara ikafungwa Septemba 2024. Na Hawaiian ilikuwa na nini? Airbus A330, Airbus A321neo, Boeing 717 na Boeing 787. Ile A321neo iliyofukuzwa kwa mlango ikarudi kwa dirisha. Safari hii kampuni ilitaka njia za mbali za bahari ya Pasifiki, na ndege zikaja pamoja na njia. Kwa hiyo "aina moja tu" ni hesabu ya wakati fulani. Wakati ukibadilika, hesabu inafanywa upya.

Sisi tunapata nini hapa?

Kwetu Kongo ndege ni chache na barabara tunazijua. Ndio maana aina ya ndege ni swali zito zaidi kwetu kuliko kwao. Mwenye ndege 200 anaweza kuvumilia aina tatu. Mwenye ndege nne za aina mbili, moja ikilala, nusu ya aina yake imelala. Air Congo ilipoanza Desemba 2024, serikali ikiwa na asilimia 51 na Ethiopian Airlines 49, ilianza na Boeing 737-800. Ethiopian ina ndege za aina hiyohiyo, ina mafundi wake, na ina simuleta Addis Ababa. Kampuni mpya ilizaliwa ikiwa na stoo ya piesi kwa jamaa. Ni akili ya mwenye TVS tano.

Lakini kuna badiliko lingine ambalo sisi wenyewe tulikuwa ndani yake kama abiria. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 universite zetu ziliingia kwa jumla katika mfumo wa LMD, na ule wa zamani wa G1 mpaka L2 ukaanza kutoka, promosyo kwa promosyo, sawa vile ndege zinavyotoka kituo kwa kituo. Nia ilikuwa nzuri: diploma yetu ifanane na za wengine, mtu aweze kuhama na masomo yake bila kuanza upya. Ndiyo ile faida ya aina moja. Lakini fikiri mwanafunzi wa mfumo wa zamani aliyedubla wakati promosyo iliyo nyuma yake iko tayari ndani ya LMD. Darasa lake limepotea. Masomo aliyofaulu yanahesabiwa namna gani katika mfumo mpya? Nani alimwandalia "simuleta" ya kuvuka? Mara nyingi alilipa mwenyewe: kwa mwaka, kwa minerval, kwa safari za kwenda na kurudi mbele ya ofisi.

Hapo ndipo naona tofauti. Rubani wa California aliambiwa: ndege yako inatoka, shule yako tumeilipa, kiti chako kinakungoja. Mwanafunzi wetu aliambiwa tu: mfumo wako unatoka.

Wengi wetu kesho tutakaa katika ofisi ambazo zinabadilisha vitu: programu ya hesabu katika benki, aina ya mashine katika hospitali, mfumo wa mishahara katika shule. Tutakuwa wale wanaoandika raporo ya kusema "aina moja itapunguza gharama." Na mara nyingi tutakuwa na haki. Lakini raporo nzima inapaswa kuwa na ukurasa wa pili: nani atarudi shuleni, kwa muda gani, kwa pesa ya nani, na kamji gani kadogo katapoteza ndege yake. Na ukurasa wa tatu: siku hiyo aina moja ikipata ugonjwa, tutaruka na nini?

Na kama sisi ndio tunabadilishiwa, tujue kutenganisha vitu viwili. Kuna ujuzi uliofungwa na mashine: mahali pa kifungo, jina la fomu. Huo unakufa pamoja na mashine. Na kuna ujuzi wa kuruka: kusoma mawingu, kupima mafuta, kuamua kurudi Portland wakati ubavu umefunguka. Huo unahama na wewe. Rubani aliyetoka Airbus kwenda Boeing alianza tena darasani, lakini hakuanza tena kuwa rubani.

Mwenye moto tano wa Bukavu hakusoma haya yote. Lakini siku moja akiamua kuhama kutoka TVS kwenda Boxer, mwambieni tu asisahau fundi wake na motari wake: wapewe siku za kujifunza, na siku hizo walipwe.